Kwa Mama, Kuhusu Mji Uliotupa Neno Leso

Birmingham,
22 Juni

Kwa Mama yangu mpendwa, na kwa wote walio nyumbani Kibokoni, Mombasa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Shikamoo Mama. Ama baada ya salamu, nakuarifu kwamba mimi na mjukuu wako Nasra tumerudi salama kutoka matembezini, tu wazima wa afya, ila nyayo zetu bado zinauma, kwa sababu mji tuliokwenda umejengwa juu ya vilima na njia zake nyingi ni ngazi tupu. Ulinikataza kukusimulia safari kwa simu, ukasema kwamba maneno ya simu hukatika kama uzi mbovu, ilhali barua mtu huiweka chini ya mto akaisoma tena usiku. Nimetii. Mwambie Salma akusomee polepole na asiruke mahali popote, hata pale nitakapomtaja yeye.

Nilimwahidi Nasra siku sita za kutembea atakapomaliza mwaka wake wa kwanza chuoni. Yeye alitaka mji wenye michoro ya ukutani na muziki, nami nilitaka jua na samaki aliyevuliwa siku ile ile. Tulipokubaliana kwenda Lisbon ulicheka sana, ukauliza kama tunakwenda kuwadai Wareno kodi ya Ngome ya Yesu. Kicheko kile nilikwenda nacho hadi huko, kwa maana karibu kila nilichokila na kukisikia kilinirudisha Ngomeni, pale tulipokuwa tukicheza kivulini mwa zile kuta tukitoka madrasa, bila hata siku moja kujiuliza watu walioanza kuzijenga mwaka 1593 walitoka kwenye nyumba za namna gani na walikula nini kwao.

Nianze na meza, kwa kuwa hapo ndipo nilipotahayari. Jioni ya kwanza tuliingia katika mkahawa mdogo, na mhudumu alipotamka neno "mesa" nikaketi kabla hajamaliza kunyoosha mkono. Nasra akaniuliza nimejifunza Kireno lini. Nikamwambia kwamba neno hilo lilitufikia kwa merikebu kabla babu wa babu zake hawajazaliwa. Hatujakaa sawasawa, yule mhudumu akaleta mkate, zeituni, jibini na siagi, na sisi hatujaagiza kitu. Nikasema moyoni kwamba hawa ni watu wa heshima, wanamkirimu mgeni kwanza ndipo wamwulize haja yake, nikamhimiza Nasra ale tusije tukawavunjia adabu. Hesabu ilipokuja, kila kitu kilikuwa kimeandikwa, hadi siagi. Kumbe ndiyo desturi ya mji mzima: kinachotangulia mezani bila kuagizwa ni cha kuuzwa, na asiyekitaka hukirudisha kabla ya kukigusa. Sikugombana, maana kosa lilikuwa langu la kutouliza, lakini nilikuwaza wewe, nikajua kwamba ungelipa mpaka senti ya mwisho, kisha ukamkalisha yule kijana ukamfundisha maana ya karamu.

Baada ya hapo nikawa nauliza kila kitu, na zaidi nikiuliza habari ya nguruwe, kwa sababu wanamtia hata mahali usipomdhania. Wana supu nzuri ya viazi na majani yaliyokatwa membamba kama sukuma wiki ya kwetu, rangi yake kijani kibichi, lakini juu yake huelea kipande cha soseji ya nguruwe kana kwamba ni ua. Basi sisi tukashika njia ya bahari. Pweza wao huchemshwa kwanza, kisha huingizwa ndani ya oveni pamoja na kitunguu saumu na mafuta ya zeituni yasiyopimwa, akaliwa na viazi vidogo vilivyopasuliwa kwa pigo la ngumi. Alikuwa laini hata sikuhitaji kisu. Hata hivyo nasema mbele ya Mungu kwamba supu ya pweza ya jioni, ile inayouzwa barabarani kwetu kwa kikombe pamoja na ndimu na pilipili, haijapata mshindani.

Kisha wana ng'onda wao, waitwao bacalhau, na hapa ndipo nilipowacheka kidogo. Watu hawa wana bahari mlangoni, samaki wamejaa sokoni mpaka wanateleza, lakini samaki wanayemwita wa taifa lao hapatikani katika maji yao kabisa. Huvuliwa kwenye bahari za baridi za kaskazini, hukaushwa kwa chumvi, akaja Lisbon akiwa mgumu kama ubao, na mwanamke wa nyumba humlowesha siku moja au mbili akimbadilishia maji ndipo afae kupikwa. Wanampika kwa mayai, kwa mbatata, kwa malai, na kwa kumsaga akawa kababu ndogo ya kukaanga. Hiyo kababu ndiyo niliyoipenda, kwani ungeiweka kwenye sinia la futari hakuna ambaye angeuliza imetoka wapi.

Salma, hapa ndipo zamu yako. Nilimwona mwenye kibanda cha matunda, nikamwomba "pera" kwa sauti ya mtu anayejua asemalo, nikapewa tunda jingine kabisa, refu la shingo nyembamba, lile ambalo sisi hulijua zaidi kwa picha za vitabu. Neno ni lile lile, lakini waliolileta pwani hawakuwa na tunda lao, wakaliachia jina pera letu la mbegu. Ila nanasi halikunidanganya; huko pia ni "ananás". Na katika kila mkahawa wa kunywea kahawa, ndani ya kabati la kioo, kando ya keki zao, hukosi kuona sambusa. Wao huziita "chamuças", na zimewafikia kutoka Goa na Msumbiji, walikotawala. Ni ndogo kuliko zako, Mama, na mkono wa aliyezipika uliogopa pilipili. Pilipili nayo ina mambo yake: asili yake ni Amerika, merikebu za Wareno zikaivusha hadi Afrika, nasi tukaiita pilipili, na leo iko Lisbon juu ya kuku wa makaa ikiitwa piri-piri, kana kwamba ni mtoto aliyepelekwa kulelewa kwa jamaa akarudi na lafudhi ya huko.

Siku ya tatu tulipanda tramu kwenda Belém, mahali ambapo mto Tagus unakaribia kukutana na bahari, na ndipo Vasco da Gama alipong'oa nanga mwaka 1497. Nisamehe nikikaa hapa kidogo. Kuna duka la vikeki ambalo limekuwa likioka tangu mwaka 1837, kwa mapishi yaliyotoka kwa watawa wa monasteri ya Jerónimos iliyo jirani. Ni kikombe kidogo cha unga uliokunjwa tabaka kwa tabaka hata ukawa unavunjika ukiugusa, na ndani mna viini vya mayai vilivyopikwa kwa sukari na maziwa mpaka vikashikana, juu vikaungua kidogo kwa moto mkali. Inasemekana kwamba watawa walitumia ute wa mayai kuzitia ugumu nguo zao, wakabaki na viini tele, na ndiyo sababu vitamutamu vya Wareno vina rangi ya manjano kama dhahabu. Mezani waliweka vikopo viwili, kimoja cha sukari laini na kimoja cha mdalasini, mtu ajinyunyizie apendavyo. Nasra alikula vitatu. Mimi nilikula viwili na nusu, na ile nusu ni kwa sababu aliniwahi.

Mdalasini ule nilikuja kuufikiria tulipoingia monasterini. Ujenzi wake ulianza mwaka 1501, na fedha zake zilitokana na kodi ya sehemu moja katika ishirini ya viungo na mali nyingine zilizotoka Afrika na Bara Hindi. Nguzo zake zimechongwa kamba za merikebu, matumbawe na majani ya nchi za mbali, hata ukisimama chini ukaangalia juu unaona kama uko chini ya minazi ya mawe. Nimesikitika kukiri kwamba ni pazuri sana. Karibu na mlango wa kanisa kuna makaburi mawili, la Camões mshairi wao mkuu, na la Vasco da Gama. Sanamu yake imelala chali, ndevu zimeshuka kifuani, viganja vimekutanishwa kama mtu aombaye, na ubavuni mwa kaburi pamechongwa merikebu iliyotanda matanga.

Humo ndani mlikuwa na baridi ya mawe, nikaitoa leso yangu mkobani nikajitanda. Nasra alikuwa nyuma yangu akipiga picha, mara akaanza kucheka peke yake mpaka mlinzi akamtazama. Aliniambia, "Mama, soma jina la leso yako." Ni ile uliyonipa mwaka juzi nilipokuwa naondoka, ile nyekundu ya korosho, na jina lake ni "Mgeni njoo mwenyeji apone". Nikajiona nimesimama kichwani mwa mgeni yule, nimemgeuzia mgongo wenye maandishi hayo! Mombasa haikumwamini alipotia nanga mwaka 1498, akasogea Malindi walikompokea, lakini wenzake walirudi mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida wakauchoma mji wetu. Sikujua nicheke pamoja na Nasra au niwasomee Fatiha waliokufa siku ile. Nilianza na Fatiha.

Nje, hatua chache kutoka kwenye mawe hayo ya wafalme, kuna kitu kilichomshika Nasra kuliko kaburi. Msanii wao ajiitaye Bordalo II hutengeneza wanyama wakubwa kwa takataka, na pale Belém tangu mwaka 2015 amemkalisha ukutani mnyama wa Amerika aitwaye raccoon, mwenye uso kama aliyepakwa wanja kwa haraka. Ukimkaribia unaona kwamba manyoya yake ni bampa za magari, matairi yaliyokwisha na mapipa ya plastiki yaliyopasuliwa. Ukirudi nyuma, takataka zinapotea, anabaki mnyama anakutazama kama mwenye kukudai. Nilikumbuka majalala yetu nikasema kimoyomoyo kwamba fundi huyu angekuja Mombasa asingekosa vifaa.

Michoro ya mji huu imeenea, na si yote ninayoipenda. Mingine ni majina tu ya vijana yaliyopulizwa kwa rangi juu ya vigae vizuri vya zamani, jambo ambalo Nasra alilitetea nami nikalikataa njia nzima mpaka tukachoka. Lakini kuna mmoja aitwaye Vhils ambaye tulikubaliana juu yake. Huyu hapaki rangi. Huchukua nyundo, tindo na keekee akaubomoa ukuta kidogo kidogo, plasta ikatoka hapa ikabaki pale, mpaka sura ya mtu ikatokea kwenye ukuta wenyewe, kama walivyofanya mafundi wetu wa milango, ila wao walichonga mbao. Katika mtaa wa Alfama ametengeneza uso wa Amália Rodrigues, malkia wa nyimbo zao, akishirikiana na mafundi wa halmashauri ya mji wanaotandaza yale mawe madogo meusi na meupe yaliyopamba njia zote za miguu za Lisbon. Uso unaanza chini, unaukanyaga bila kujua, kisha njia yenyewe inajipinda kama wimbi na kupanda ukutani, na hapo ndipo unagundua kwamba umesimama shingoni mwa mwanamke.

Ng'ambo ya kilima cha ngome yao (na wao wana ngome, ila yao waliwapokonya Waislamu mwaka 1147) kuna mtaa wa Mouraria, ambao jina lake latokana na Wamoro, yaani Waislamu walioshindwa wakaruhusiwa kubaki nje ya kuta. Mama, hapo ningeweza kuishi. Vichochoro vyake ni vya kwetu hasa, upana wa watu wawili na mbeleko, nguo zimeanikwa juu ya kichwa chako, na wazee wamekaa mlangoni wakijua nani kapita na nani hajapita. Maduka ya chini ni ya Wabangladeshi na Wahindi, harufu ya iliki na ya mchele wa biriani inakutana na ya samaki wa kuchoma. Katika kichochoro kiitwacho Beco das Farinhas, mpigapicha mmoja Mwingereza aitwaye Camilla Watson alizichapa picha za wazee wa mtaa juu ya kuta za nyumba zao wenyewe, si za mashujaa wala wanasiasa, ni mabibi waliovaa aproni na mababu wenye kofia zao. Nasra aliuliza kwa nini Kibokoni hakuna kitu kama hicho. Nilimwambia kwamba tukiichapa picha yako ukutani, wewe utahama mtaa siku hiyo hiyo, na utasusa hadi Idi. Lakini nilipokuwa nikisema hivyo nilikuwa nimeshachagua ukuta.

Mouraria ndiko alikoishi Maria Severa, mwanamke maskini aliyefariki mwaka 1846 akiwa na umri wa miaka 26 tu, ambaye wanamhesabu kuwa mwimbaji wa kwanza mashuhuri wa fado. Fado ndiyo taarabu yao, nami sisemi hivi kwa kutafuta mfano wa karibu. Hata kisa cha Severa kilinikumbusha Siti binti Saad, kwa maana wote wawili walitoka katika tabaka la chini, wakaimba mpaka wenye majumba makubwa wakawatafuta. Tulikwepa zile kumbi za watalii zenye chakula cha bei ya mahari, tukaenda kwenye kijumba cha meza nane ambamo huimba yeyote wa mtaani mwenye sauti. Taa zilipunguzwa, mtu akatangaza kwamba fado itaimbwa na watu wanyamaze, na kweli wakanyamaza, hata uma hazikugonga sahani. Wapigaji walikuwa wawili: mmoja na gitaa la kawaida, mwingine na gitaa lao la Kireno lenye nyuzi kumi na mbili na tumbo la mviringo, ambalo sauti yake hulia juu juu kama mtu anayezuia machozi. Na aliyeimba, Mama, alikuwa mpishi. Alitoka jikoni akijifuta mikono, akajitupia shali nyeusi mabegani juu ya aproni, akafumba macho, akarudisha kichwa nyuma, na sauti iliyotoka pale sikuitarajia katika mwili ule.

Sikuelewa maneno ila machache, lakini nilielewa pale ubeti ulipomchoma, kwa sababu nilijikuta nimeinuka nusu na noti ya euro tano mkononi. Nasra alinivuta nguo nikakaa. Huko hawatunzi. Anayeguswa hunyamaza zaidi, basi, na mwishoni hupiga makofi. Nilikaa na noti yangu kama mtu aliyekwenda harusini na zawadi akaikuta harusi imekwisha, nikafikiria jinsi kina mama wa Kibokoni wangeweza kuvumilia wimbo kama ule wakiwa wamekalia mikono. Neno lao kubwa katika nyimbo hizo ni "saudade", nalo nililitafutia Kiswahili usiku mzima. Hamu ni changa, majonzi ni mazito mno, ukiwa unashika upande mmoja tu. Nadhani ni ile hali uliyokuwa nayo mwaka ule Baba alipokuwa melini, ulipokuwa ukipika chakula chake Ijumaa ilhali unajua hayupo. Mmoja wa waimbaji wao wakubwa wa leo, Mariza, alizaliwa Msumbiji kwa mama wa Kiafrika, akalelewa hapo hapo Mouraria. Kwa hiyo pwani yetu ya mashariki nayo ina sauti katika kilio hicho.

Hata hivyo Waafrika wengi wa mji huo hawakai kwenye vichochoro vya kupigwa picha. Tulikwenda nje kidogo, Sacavém, kwenye majumba ya serikali yaitwayo Quinta do Mocho, wanakoishi watu wa asili ya Angola, Guinea-Bissau, São Tomé na Cape Verde. Tangu mwaka 2014 wasanii wamekuwa wakichora kuta za magorofa yale kutoka chini hadi paa, na sasa michoro imezidi 100, na vijana wa hapo hapo ndio huwatembeza wageni. Ukuta mmoja Vhils ameuchonga uso wa DJ Nervoso, kijana wa mtaa huo, mmoja wa walioanzisha ule muziki wa ngoma za haraka uliozaliwa na kuduro, muziki wa Angola, katika vyumba vya magorofa kama hayo. Aliyetuongoza alitusikilizisha kwenye simu yake, nami nikahisi kama mtu anapiga vyungu vyangu vyote kwa pamoja. Nasra aliniambia huo ndio muziki bora wa safari nzima. Mwanamke mmoja wa Guinea aliyekuwa amekaa kivulini akimsuka mtoto alisema kwamba zamani walikuwa wakificha wanakoishi wanapoomba kazi, na sasa hawafichi sana, lakini picha haizibi paa linalovuja. Sikuwa na la kuongeza.

Alhamisi mchana tulipanda lifti hadi ghorofa ya nane ya jengo moja katikati ya mji, kwenye chama cha watu wa Cape Verde, ambako wafanyakazi wa ofisi na wastaafu huja kula na kucheza dansi wakati wa chakula cha mchana. Saa saba mchana, Mama, watu wamevaa tai! Tuliomba cachupa ya samaki, ambayo ni mahindi na maharagwe yaliyopikwa kwa saa nyingi, ndugu yake pure ya kwetu, na kabla sijamaliza sahani mzee mmoja mwenye suti ya kijivu alimwinamia Nasra kwa adabu akimwomba wacheze. Nilimjibu mimi kwa kutikisa kichwa, akacheka, akaenda kumwinua mke wake.

Usiku huo ulikuwa mkesha wa Mtakatifu Antonio, mmoja wa walezi wa mji, ambao huanza tarehe 12 Juni hadi kucha. Njia zote za Alfama zilikuwa zimetandwa bendera za karatasi (na wao husema "bandeira"), na kila mlango ulikuwa na jiko la makaa linalochoma sadini, samaki ambaye sisi tumemzoea akiwa mkebeni. Huwekwa mzima juu ya slesi ya mkate, unamla kwa vidole, mafuta yanashuka yanalowesha mkate, na mkate ndio unaoliwa mwisho ukiwa na ladha ya wote waliotangulia. Nilikula sita. Moshi ulituingia mpaka kwenye nywele, na bado mtandio wangu unanuka.

Lakini kilichonisimamisha katika vurugu ile ni wauzaji wa vyungu vidogo vya rehani, majani yale ya kunukia. Usiku huo mwanamume humpa mpenzi wake chungu cha rehani, na juu yake huchomekwa ua la karatasi na kibendera chenye ubeti: mishororo minne, mizani saba kila mmoja, na vina mwishoni, wa mapenzi au wa utani. Tena hairuhusiwi kuinusa kwa pua, kwani wanaamini itanyauka. Unaipapasa kwa kiganja kisha unanusa kiganja. Rehani na ubeti, Mama. Nilisimama pale nikiona kina yakhe wakinunua beti kwa euro chache, nikajua kwamba hawa watu, mbali na mizinga yao, tungeweza kuelewana.

Ijumaa niliswali katika msikiti mkuu wa Lisbon, ambao mnara wake unaonekana toka mbali, na waumini wengi niliowakuta hapo asili yao ni Msumbiji na Guinea. Kisha Nasra akaniburuta kwenye duka la kazi za mikono. Hapo ndipo nilipokiona nilichokuwa nikikizungukia wiki nzima bila kujua. Juu ya kaunta palikuwa na vitambaa vyeupe vya mraba vilivyotariziwa nyuzi za rangi, ndege wawili, funguo, mioyo na maua, na pembeni maneno. Mwenye duka, bibi wa makamo yako, alieleza kwamba zamani wasichana wa Minho, kaskazini mwa nchi, walikuwa wakivitarizi na kumpa kijana waliyempenda. Naye akikivaa hadharani, jibu limepatikana. Maneno yana makosa ya tahajia, kwa sababu waliandika kama walivyosema. Nikamwuliza kitambaa chenyewe kinaitwaje. Akasema "lenço". Nilimwomba arudie mara tatu.

Nilifungua mkoba nikamtandazia leso yangu juu ya kaunta. Nikamweleza, Nasra akitafsiri kwa Kiingereza na bibi akijazia kwa mikono, jinsi mabibi zetu walivyonunua vitambaa vya Wareno wakaviunganisha vipande sita vikawa vazi, jina likabaki leso, na jinsi sisi pia tunavyosema kwa kitambaa yale ambayo mdomo hauwezi. Aliipapasa pindo, akasifu ulivyoipinda, kisha akaweka kidole kwenye maandishi akauliza yanasemaje. Nilisitasita, nikikumbuka nilipokuwa nayo siku mbili kabla. Nikamtafsiria. Akacheka mpaka akashika kaunta, akasema kwamba wageni walimaliza kuuponya mji wake zamani, sasa wanaupandishia kodi ya nyumba.

Nimekununulia lenço moja yenye ndege wa buluu; ataileta Swaleh akija mwezi wa saba, pamoja na dawa zako za macho. Nami nina ombi. Nimemwahidi yule bibi leso ya kweli kutoka Mombasa, jozi nzima, bado haijakatwa. Nenda Biashara Street mwenyewe, usimtume Salma, kwa kuwa Salma hutazama rangi na wewe husoma jina. Chagua jina linalomfaa mwanamke mjane mwenye duka dogo na mdomo mwepesi, ambaye mababu zake walituchomea mji na mababu zake hao hao walitupa neno la kulitaja vazi letu. Nilipomwambia kwamba Mungu akipenda ataipata kabla ya mwaka kwisha, alijibu "oxalá", ambalo ni neno walilolirithi kwa Waarabu. Nikamwitikia, "Inshaallah," tukaelewana bila Nasra.

Nisalimie Baba, mwambie kwamba mtaani Mouraria nimeuona mkahawa kama ule wa wacheza bao, ila hao hucheza karata. Wasalimie majirani wote, na kaburini kwa Bibi nipelekee maua ya asumini Ijumaa hii.

Wasalaam,
Mwanao akupendaye,
Zuhura